Kazi na Dawa: Siku Mbili za Kiangazi Kati ya Musaga na Ziwa

Wahenga walisema: kazi na dawa. Msemo huu hutumiwa sana na watu wanaotafuta udhuru wa kukimbia jembe, lakini maana yake ni pana kuliko hivyo. Wahenga hawakusema dawa bila kazi, wala hawakusema kazi bila dawa. Walitaka viwili hivyo viandamane. Askari aliyesimama lindo juma zima, polisi aliyeongoza magari chini ya jua kali, na mke aliyeishika nyumba peke yake wakati mumewe yuko zamu, wote wanadai haki moja, nayo ni kupumzika. Tatizo ni kwamba kupumzika nako kunataka kujifunza. Si wachache wanaoianza Jumatatu wakiwa wamechoka kuliko walivyokuwa Ijumaa jioni, mifuko mitupu, vichwa vinawagonga, na watoto wao hawajakaa na baba hata kwa muda wa saa moja.

Jambo hili linaonekana vizuri katika Musaga, mtaa wa kusini mwa jiji la Bujumbura nchini Burundi. Barabara ya taifa namba saba hupita hapo ikipanda kuelekea Ijenda na nyanda za juu za Mugamba. Chuo cha maofisa wa jeshi kiitwacho ISCAM kiko huko, kambi ya Muha haiko mbali, na gereza la Mpimba limo katika mtaa huo huo. Kwa hiyo mavazi ya kazi huonekana kila asubuhi njiani, na katika nyua nyingi kamba ya kuanikia nguo hubeba sare ya serikali pamoja na kanga za mama na kaptura za shule.

Ukishuka kutoka Musaga kwa miguu, kupitia Kinanira na Kinindo, katika muda wa kama saa moja unafika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 670 hivi, na mahali penye kina kirefu kabisa linafika meta 1,470. Duniani kote linazidiwa kina na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Nchi nne hulishirikiana: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Burundi haina bahari, lakini mtu aliyezaliwa Tanga au Lamu akisimama Ruziba asubuhi na kuona mitumbwi ikiingia, nyavu zikianikwa na akina mama wakipigania bei ya samaki kwa Kiswahili, hatajiona mgeni.

Wakati mzuri wa kwenda huko ni kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua zimekatika, shule zimefungwa, na njia ni kavu. Vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa hutanda hewani kiasi kwamba siku nyingine milima ya Kongo, iliyo ng'ambo ya maji, haionekani kabisa. Lakini jioni upepo wa ziwa hupunguza joto, na watu hutoa viti nje.

JUMAMOSI

Chukua mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya fulani. Ni mfano tu, ingawa majirani wengi wa Musaga wataitambua. Baba ni sajenti. Alizaliwa milimani Mugamba, kwenye baridi na ng'ombe. Ni mmoja wa maelfu ya askari wa Burundi waliokwenda kulinda amani Somalia. Kikosi cha kwanza kilitumwa huko Desemba 2007, na Burundi ikafunga kazi hiyo wakati ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika ulipoanza mwaka 2025 bila majeshi yake. Sajenti huyu alikwenda mara mbili. Sasa yuko kambini mkoani, na hupata ruhusa mara chache. Mama alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, akakulia katika Kiswahili na samaki. Watoto ni watatu: binti wa miaka kumi, mvulana wa saba, na mdogo anayetambaa.

Binti humkimbilia baba yake. Mvulana hafanyi hivyo. Baba akiingia, yeye hutoka. Akiulizwa jambo, hujibu akimtazama mama. Wala hakuna chuki ndani yake. Alipokuwa anajifunza kusema, baba alikuwa mbali, na sauti ya baba ilikuwa sauti ya simu. Mara ya mwisho alipopata ruhusa, sajenti alijaribu kulinyoosha jambo hili kwa njia anayoijua: alimwita mtoto asimame mbele yake, akamwamuru amwamkie vizuri. Mtoto aliamkia, kisha akaenda kulia nyuma ya jiko. Ndiyo maana safari hii mama alipendekeza siku mbili zisizo na wageni wala ziara za harusi: Jumamosi nyumbani, Jumapili ziwani.

Asubuhi ya Jumamosi nchini Burundi ni ya kazi za pamoja. Wananchi hufagia mitaro, hujaza mashimo ya njia, hufyeka majani, na biashara husimama mpaka kama saa nne na nusu. Hapo ndipo watu humiminika sokoni. Kabichi, karoti na viazi vinavyoteremka kutoka Mugamba hufika vikiwa na udongo bado mbichi. Ni wakati huo pia ambapo marafiki hupita mlangoni kumwita baba kwenye kabare, wakisema ni chupa moja tu.

Mama wa nyumba hii hakugombana na mtu. Fedha za Jumapili alikuwa amekwisha kuzitenga tangu Ijumaa: za mkaa, za samaki, za mafuta ya kupikia, na akiba kidogo ya nauli ikiwa mtoto atachoka. Zilizobaki aliziweka mezani mbele ya mumewe na kuzihesabu naye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mume aliyeona kwa macho yake kiasi kilichobaki hana haja ya kukatazwa. Alikwenda kabare, akanywa moja, akarudi kabla ya jua kutua.

Jioni mama alikuwa anafunga mizigo. Katika vitu vyake akaweka dumu tupu la lita ishirini na kamba ya katani yenye urefu wa hatua ishirini na tano.

"Mama watoto, dumu la nini?" sajenti akacheka. "Tunakwenda kupumzika, hatuendi kuchota maji."

"Baba watoto, mimi ni mtoto wa Rumonge. Kwetu mtu hapeleki watoto ziwani bila kitu kinachoelea."

Sajenti akatikisa kichwa, lakini dumu halikutolewa.

Usiku, kutoka sehemu za juu za Musaga, ziwa linaonekana kama mji mwingine wenye taa. Ni wavuvi. Binti alimwuliza baba kwa nini wanavua gizani, na baba akakiri kwamba hajui. Akamwelekeza kwa mama. Mama akaeleza kwamba ndagala, yaani dagaa, huufuata mwanga. Wavuvi huning'iniza taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na samaki wakikusanyika wavu huinuliwa kutoka chini. Mukeke, anayekula ndagala, huwafuata naye akanaswa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu tena, na wavuvi hupumzika. Samaki nao wanahitaji mapumziko: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mvulana alikuwa amekaa kando, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

JUMAPILI

Baada ya ibada ya alfajiri familia ilianza kuteremka kwa miguu. Fukwe zenye sifa, kama Saga na Karera, ziko kaskazini mwa jiji, na kwa mtu wa Musaga kuzifikia ni shida. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilikatazwa kupita katikati ya Bujumbura, na uhaba wa mafuta wa miaka hiyo uliyafanya mabasi yawe ya kugombaniwa. Kushuka moja kwa moja hadi ufuko wa kusini ni nafuu, na mwendo wa asubuhi ni mazoezi tosha.

Ufuko wenyewe si ule wa zamani. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika mchanga, yakaingia katika nyumba za Kibenga na Gatumba, na yakaacha kuta zilizobomoka. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliagiza kwamba ukanda wa meta 150 kutoka ziwani uachwe bila majengo, na mafuriko hayo yaliwafundisha watu sababu yake. Kwa familia inayokwenda kuoga funzo ni moja: chini ya maji yaliyo shwari panaweza kuwa na ukuta, nondo au shimo. Ni vizuri kuchagua mahali ambapo wenyeji huogea, na kuuliza kwanza.

Mama aliuliza. Kijana mmoja aliyekuwa akishona wavu aliwaonyesha mahali pa mchanga, akawaonya wasikaribie mdomo wa mto. Mama akaongeza masharti yake mwenyewe. Watoto hawaingii mahali penye matete na maji yaliyotuama, kwa kuwa ndipo wanapokaa konokono waenezao kichocho. Maji ya ziwa hayanywewi, hata kwa kujaribu, kwa sababu kipindupindu si mgeni katika mitaa ya kando ya ziwa. Ya kunywa ni yale yaliyochemshwa nyumbani. Mtu aliyekunywa pombe haogi. Na mtoto akiwa majini, mtu mzima mmoja kazi yake ni kumtazama tu, asiwe na samaki wa kugeuza wala simu ya kujibu.

Zamu ya kwanza ya kutazama ilikuwa ya baba. Alisimama ukingoni mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama lindo.

Ilipata saa nne. Asubuhi upepo hutoka milimani kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Mambo haya mtu wa milimani hayajui. Mpira wa mvulana ulianguka majini, na upepo ukaanza kuusukuma nje taratibu, hatua moja mbele ya mkono wake. Mtoto aliufuata, maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Baba aliita. Mtoto aliyezoea kuikimbia sauti ile hakugeuka. Hatua moja zaidi, na mchanga ukaisha chini ya miguu yake.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sajenti aliyekuwa ameivuka vita hakujua kuogelea. Kwa mvulana palikuwa mwendo wa hatua kumi na tano, na kama angejitupa majini, familia ingekuwa na watu wawili wa kuokoa. Mama aliyekuwa na mtoto mdogo mgongoni alipiga kelele neno moja tu: "Dumu!"

Dumu lilikuwa pale miguuni, kamba imekwisha kufungwa kwenye mkono wake, na ndani yake maji kidogo ya kulipa uzito wa kurushwa. Baba alilirusha. La kwanza liliangukia mbali. Alilivuta, akarusha tena, na safari hii likaanguka mbele ya kifua cha mtoto. "Likumbatie! Usiache!" Mvulana akalikumbatia, na baba akamvuta polepole mpaka miguu ikagusa mchanga. Mpira uliendelea na safari yake kuelekea Kongo.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akaanza kutetemeka, akingojea kugombezwa. Sajenti alimfunika kwa shati lake, akakaa mchangani kando yake.

"Mpira tutanunua mwingine," alisema. "Umeogopa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi pia. Mimi sijui kuogelea, mwanangu."

Mvulana alimtazama. Pengine hakupata kudhani kwamba kuna jambo ambalo baba hulijua kidogo kama yeye.

Baadaye, jua lilipopanda, mama alimwachia binti mtoto mdogo kivulini, akawaingiza wanaume wake wawili katika maji ya kiunoni. Aliwafundisha kama alivyofundishwa Rumonge: kwanza kuvuta pumzi na kutia uso majini, kisha kulala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, bila kupigana. Mtoto alielea kabla ya baba. Baba alizama mara tatu, akainuka akipenga, na mara ya nne mvulana ndiye aliyeushikilia mgongo wake kutoka chini. Sajenti alipata amri nyingi siku ile, na zote alizitii.

CHAKULA NA HADITHI

Mukeke alichomwa kwa mkaa, akapakwa chumvi, pilipili na ndimu, akaliwa kwa ndizi za kukaanga na vitunguu vilivyokatwa. Aliyechoma ni baba. Hili linafaa kusemwa wazi, kwa sababu nyumba nyingi huita mapumziko siku ambayo mama hubeba jiko la nyumbani na kulihamishia ufukweni. Akipika, akaosha vyombo, akambeba mtoto na kurudi kufua mchanga uliomo nguoni, huyo hakupumzika. Amebadilisha mahali pa kazi. Baba mwenye mikono miwili anaweza kugeuza samaki, na binti na mvulana wanaweza kukusanya sahani. Mama wa nyumba hii alilala usingizi wa saa nzima chini ya mti, jambo ambalo hakulipata tangu Pasaka.

Wakati amelala, baba aliwasimulia watoto habari aliyojifunza shuleni. Kusini ya hapo, Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani hapo ndipo wageni wale wawili walipokutana. Sivyo; walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini, wakalala Mugere. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani na kupeleka maji kwenye Nile. Walipofika waliona unaingia ziwani. "Kwa hiyo walisafiri bure?" aliuliza mvulana. "Hapana," baba akajibu. "Walikuja hawajui, wakarudi wanajua."

Ilipofika saa kumi na moja mama alikunja mkeka. Viboko hutoka majini giza likiingia ili kula majani, na katika Bujumbura wamewahi kuonekana hata barabarani. Mamba nao wapo, hasa karibu na Rusizi, ambako mmoja aliyepewa jina la Gustave alipata sifa mbaya hata nje ya nchi. Ziwa lina wenyewe wa mchana na wenyewe wa usiku, na mgeni mwenye busara huaga mapema. Katika kupanda kwenda Musaga, mdogo alilala mgongoni kwa mama, binti alibeba sufuria, na mvulana alishika upande mmoja wa kamba ya dumu, upande wa pili ukiwa mkononi mwa baba.

YA KUZINGATIA

Si kila ajali humalizika hivyo. Kwa hiyo kila familia inayokwenda majini ijue mambo machache. Aliye katika hatari arushiwe kitu, au anyoshewe fimbo au kanga. Asifuatwe na mtu asiyejua kuogelea. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini ili maji yatoke, kwani huko ni kupoteza wakati. Alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, pua ibanwe, na apuliziwe pumzi mdomoni. Kisha kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu na haraka mara thelathini, apuliziwe mara mbili, na kuendelea hivyo bila kuchoka, huku mwingine akitafuta msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku ile ile, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru baadaye.

Mengine hayahitaji daktari. Fedha za mapumziko zitengwe kabla ya mapumziko. Kazi za siku hiyo zigawanywe. Na baba aliyerudi kutoka mbali asidai mapenzi ya watoto kwa amri. Mtoto aliyemzoea mama peke yake kwa miaka miwili hawezi kumzoea baba kwa siku mbili. Anachotaka ni kumwona baba akiwa karibu, hana haraka, na asiyeona haya kujifunza.

Jumatatu alfajiri sajenti alivaa viatu akarudi kambini. Dumu lilirudi kwenye kazi yake ya kuchota maji. Lakini kamba mama hakuifungua. Ameiacha pale pale kwenye mkono wake, akingojea ruhusa nyingine kabla mvua za Septemba hazijaanza.